Metformini na Glucophage: anywe zote mbili?

Swali: Mamangu ana sukari na presha. Zahanati hapa Likoni humpa metformini. Daktari bingwa wa kisiwani Mombasa kamwandikia Glucophage. Azinywe zote?

Jibu: La! Glucophage ndiyo metformini yenyewe, jina la kibiashara tu. Akizichanganya dozi yaongezeka: ataharisha, na figo zikiwa dhaifu asidi itajaa damuni. Mpigieni daktari leo, awape idadi ya miligramu.

Jibu: Mkivuka feri kwenda kliniki bebeni pakiti zenyewe. Mwombeni bingwa barua ya kupeleka zahanati, yenye: dawa iliyoongezwa, iliyokatwa, na tarehe ya kupima figo. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari damuni) apimwe baada ya miezi 3. Mapema zaidi haionyeshi badiliko lote.

Jibu: Na kama anywa Brufen za dukani kwa maumivu ya magoti, aache. Zapandisha presha.