Naomba ushauri: mkwaruzo wa gitaa unakufa nikishusha sauti, nifanyeje nyumbani?

NyuziSita

Wakuu, habari zenu. Nina amplifaya ya valvu ya wati 20, yenye EL84 mbili na spika moja ya inchi 12. Gitaa lina pikapu mbili za aina ya hambaka. Nikiifungua hadi nusu, mkwaruzo (distoshoni) unatoka mnene, noti zinadumu, na mkono ukilegea sauti inasafika yenyewe. Hiyo ndiyo sauti iliyonifanya niinunue.

Shida ni kwamba nafasi ya kupiga naipata usiku, mtoto akishalala, na ukuta wa jirani ni mwembamba. Nikishusha hadi kiwango cha watu wanaoongea, kinachobaki ni mlio wa nyuki ndani ya chupa. Nikiongeza geini (nobu ya kuzidisha mkwaruzo) ndiyo nyuki wanazidi. Nafikiria mambo matatu: pedali ya ovadraivu (ya kuongeza mkwaruzo), kile kifaa cha kupunguza nguvu kinachokaa kati ya amplifaya na spika, au niiuze nichukue ya wati 1. Mwenye uzoefu anielekeze kabla sijatoa hela.

FundiValvu

Mkuu, usiiuze. Mkwaruzo unaoupenda unazaliwa sehemu tatu: kwenye priampu (hatua ya kwanza ya kukuza sauti), kwenye valvu za mwisho na transfoma yake, na kwenye karatasi ya spika inapoanza kuelemewa. Ukifungua sauti unapata zote tatu. Ukishusha, inabaki ya priampu peke yake, na ndiyo hiyo unayoisikia imekonda.

Kuhusu wati 1, watu wengi hukata tamaa baada ya kununua. Spika za gitaa zina usikivu mkubwa sana. Celestion Vintage 30, kwa mfano, hutoa desibeli 100 kwa wati 1 ukipima umbali wa mita 1. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukipunguza nguvu mara 10 unashuka desibeli 10 tu, ambazo sikio huzihisi kama sauti iliyopungua nusu. Maana yake kutoka wati 20 kwenda wati 2 hujapata ukimya wowote. Ili spika hiyo itoe desibeli 70 inatosha sehemu moja ya elfu ya wati! Kwa hiyo hata amplifaya ya wati 1, ikifunguliwa mpaka valvu za mwisho zikwaruze, mtoto anaamka.

Nijibu haya: ina volyumu kuu? Na nyuma kuna tundu zilizoandikwa SEND na RETURN, za kutoa sauti baada ya priampu na kuirudisha?

NyuziSita

Vyote vipo, kaka. Ila volyumu kuu inanitesa. Chini ya 1 ni kimya, ikigusa 1 sauti inaruka ghafla.

FundiValvu

Basi anzia hapo. Weka pedali ya EQ (ya kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na trebo) kati ya SEND na RETURN. Boss GE-7 au yoyote ya aina hiyo yenye kitelezi cha kiwango cha sauti. Kishushe hadi chini kabisa, kwenye GE-7 ni desibeli 15. Sasa volyumu kuu unaweza kuifungua mpaka pale inapozunguka kwa utulivu, na priampu unaipa geini unayotaka bila nyumba kutikisika. Hakikisha tu kwamba tundu hizo zinapitisha sauti yote. Kuna amplifaya ambazo sehemu ya sauti hupita pembeni bila kuingia kwenye pedali, na hapo ujanja huu haufanyi kazi.

DadaBluzi

Naunga mkono EQ, na nina sababu nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko hiyo. Sikio lenyewe linabadilika. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo hupotea kwanza masikioni, na trebo ya juu nayo hufifia. Amplifaya uliyoipanga ikiwa kubwa itasikika nyembamba ukiishusha hata kama haijabadilika chochote. Kwa hiyo panga nobu zako upya kwa sauti ile ile utakayopigia usiku. Usilete mpangilio wa mchana.

Lakini besi ina mahali pake. Ukiiongeza kabla ya mkwaruzo, noti zinavurugika na kuwa tope. Ipunguze kabla, irudishe baada. Ndiyo maana pedali za ovadraivu za jamii ya Tube Screamer zinapendwa mbele ya amplifaya: zinapunguza besi na kusukuma sauti za kati. Iweke geini karibu na sifuri na kiwango cha kutolea juu, iisukume priampu. Halafu EQ ya FundiValvu, iliyo baada ya mkwaruzo, irudishe unene kwa kupandisha kidogo vitelezi vya hezi 100 na 200.

Na geini punguza, ndugu yangu. Spika ikiwa kubwa hutikisa nyuzi na noti inadumu. Kwa sauti ndogo msaada huo haupo, ndipo watu wanaufidia kwa geini na kupata nyuki. Kompresa nyepesi (pedali ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) mbele inadumisha noti vizuri zaidi.

KimyaUsiku

Mimi naona mnamzungusha. Mtoto amelala, jirani yupo: hedifoni. Kadi ya sauti, kompyuta, na programu ya kuiga amplifaya. Neural Amp Modeler ni ya bure na inaitikia mkono vizuri. Mkwaruzo wote unaupata bila kumsumbua mtu.

Ila lazima uweke faili ya IR ya spika, ile inayoiga jinsi spika inavyotoa sauti. Spika ya gitaa hukata sana kila kitu juu ya hezi 5,000 hivi, na bila hiyo mkwaruzo ulio uchi unachoma masikio. Wanaosema hedifoni zinasikika vibaya wengi wao hawakuweka IR. Bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta huchakata kwa mkupuo) iweke sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 2.7 kabla ya ucheleweshaji wa kadi yenyewe. Hutausikia.

DadaBluzi

Kwa usiku wa manane sawa kabisa. Lakini ameomba kuipigia amplifaya yake, na hewa inayosukumwa na spika, hata kidogo, mkono unaijua.

FundiValvu

Nimalizie kile kifaa cha kupunguza nguvu, maana hapa ndipo watu huunguza vitu. Kinafanya kazi kweli: valvu za mwisho zinakwaruza, joto linaishia ndani ya kifaa. Lakini omu zake lazima zilingane na za amplifaya. Kiwe na uwezo mkubwa kuliko wati 20, kwa sababu amplifaya ya wati 20 ikikwaruzwa hadi mwisho hutoa zaidi ya 20. Tumia kebo ya spika, siyo ya gitaa. Na kamwe usiwashe amplifaya ya valvu bila spika au mzigo wowote, transfoma ya kutolea inaweza kufa. Tundu la spika pia usilichomeke kwenye kadi ya sauti wala hedifoni!

Jua pia kwamba valvu zitachoka mapema, zinafanya kazi kama uko jukwaani. Na ukishusha desibeli 30, spika haielemewi tena na masikio bado yamepoteza besi. EQ utaihitaji tu. Ndiyo maana naiweka mwisho.

NyuziSita

Wakuu, nimeazima EQ na Tube Screamer kwa rafiki. Volyumu kuu sasa inatii. Geini nimeshusha chini ya nusu, 200 nimepandisha kidogo, na unene umerudi. Si ule wa mchana, lakini napiga bila kukereka. Kilichobaki: trebo inakwaruza nikiinama kubadilisha kitu, nikisimama siisikii.

DadaBluzi

Amplifaya iko sakafuni? Spika ya gitaa hurusha trebo mbele yake moja kwa moja kama boriti, na ukisimama inapita magotini. Inyanyue juu ya kiti na uiinamishe nyuma ielekee kifuani kwako. Utaisikia trebo kama ilivyo, utaipunguza, na volyumu pia utaishusha kidogo. Na ikitoka sakafuni, mtikisiko wa besi hausafiri sana kwa walio chini.

NyuziSita

Iko sakafuni, ndiyo. Usiku wa leo nainyanyua. EQ nanunua yangu, pedali ya rafiki naendelea nayo kwanza.