Naombeni ushauri: nataka kumheshimisha mama mkubwa Machi 8 ila naogopa kumuumiza mama mzazi

nesi_wa_Ngamiani:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mi nimelelewa na mama mkubwa pale Ngamiani, Tanga, toka nna miaka minne. Mama mzazi kipindi hicho alikuwa anaumwa sana akanipeleka kwa dada yake, kwaiyo hakunitupa, naomba mnielewe hapo.

Mama mkubwa alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua, na ndo alikuwa kijumbe wa mchezo wa wanawake wa mtaani kwetu, yani ndo anakusanya na kushika hela wanazopeana kwa zamu. Shule aliishia la pili, kuandika majina ilimsumbua, basi kwenye daftari lake kila mtu kamchorea alama: muuza samaki kachorewa samaki, fundi cherehani sindano na uzi, jirani yetu mmoja mrefuuu kachorewa mnazi. Miaka yote ile sijasikia hata siku moja hela ya mtu imepotea. Ada yangu ya unesi ilitoka kwenye zamu yake ya mchezo, yeye paa la jiko linavuja hivyo hivyo.

Sasa Siku ya Wanawake ndugu wanataka ukumbi, MC na sare, nimepangiwa laki tano. Namjua, atasema hela hiyo si tungeezeka jiko. Alafu mama mzazi yupo, kashapona, atakaa pale anasikia namsifia mwingine kwamba ndo kanilea. Nifanyeje jamani?

Mzee wa Raskazone:
Marahaba mwanangu. Mama mkubwa ni mama, hukwenda kwa mtu baki. Anza na mama yako mzazi kabla ya ndugu wote, ila usimpelekee taarifa kwamba mmeshaamua, mwombe yeye ndo amvishe dada yake khanga siku hiyo. Aliyempa mwenzie mtoto amlelee ana la kumshukuru kuliko hata wewe.

doti_mbili:
Hapo kwenye khanga angalia jina dada angu!! Usije ukanunua NANI KAMA MAMA ukampa mmoja mbele ya mwenzie, khanga inasema hata kama wewe hujasema. Nunua doti mbili jina moja, kila mmoja yake.

Mwl. Majani ya Chai:
Mi naomba ulitunze lile daftari, lipige picha kurasa zote, alafu kaa nae umrekodi kwa simu akueleze kila alama ni nani. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kwenye kikundi cha ngoma Dar, 1955 alipoanza kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichodai uhuru, alipita humohumo kwenye vikundi vya ngoma, maana wanawake walishakuwa wamejipanga na wanaaminiana. Leo barabara ina jina lake, ila wale waliokuwa wanashika hela za wenzao kwenye vikundi vile ni wangapi tunawajua? Mama yako mkubwa ni wa kundi hilo.

kijana_wa_Chuda:
Mi ukumbi siupingi moja kwa moja, hawa mama zetu tunawasifia vizuri msibani tu, wao hawasikii. Ila fanyeni nyumbani, waalikeni wale wa kwenye daftari waliopo, pilau, basi. Hela inayobaki nunueni bati.

nesi_wa_Ngamiani:
Asanteni sana, nimesoma zote. Jana usiku nimempigia mama, nikamwambia kama mzee alivyosema. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Alafu akaniambia siku aliyonipeleka Tanga hakuwa na nauli ya kurudi, dada yake akatoa hela ya mchezo akampa, na wiki ile akalipa pengo kwa kupika vitumbua mara mbili kwa siku. Hiyo sikuwahi kuijua. Akasema khanga atachagua yeye, mi nitume hela tu, na lile daftari anataka aoneshwe yeye alichorewa nini.