Mpenda mvua wa Malindi: nichague baridi ya Cape Town au ya Lisbon?

BintiSabaki (Malindi)

Asalaam aleikum jamaa.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na tofauti na wenzangu wengi, huzingoja mvua za mwaka kama watoto wanavyoingoja Idi. Februari na Machi, kaskazi (upepo wa kaskazini-mashariki) inapoishia na upepo kukatika, sina raha kabisa. Fukuto usiku kucha, shuka limelowa jasho, mtoto ana vipele vya joto shingoni, na stima ikipotea ndiyo basi tena. Halafu siku moja ya Aprili unasimama kwenye nguzo ya Vasco da Gama, unaona wingu jeusi limeshuka hadi usawa wa maji, linakuja. Moyo wangu unatulia pale pale. Baadaye mto Sabaki unajaa, ghuba yote inageuka rangi ya udongo, mwani unarundikana ufuoni, hoteli nyingi zimefungwa na mji umekuwa wetu wenyewe. Julai najifunika blanketi jepesi. Hiyo ndiyo hali ya hewa yangu, sitaki nyingine.

Sasa mume wangu amekubaliwa kusomea uzamili katika miji miwili, Cape Town na Lisbon, na ni lazima tujibu. Ada tumeshaipigia hesabu, zinakaribiana. Kote kuwili naambiwa baridi si ya kuua na mvua hunyesha majira ya baridi. Lisbon Januari ni nyuzi 15 hivi mchana na 8 usiku. Cape Town Julai ni kama 18 mchana, na usiku ni hizo hizo 8. Malindi Julai usiku huwa 22. Aliyeishi huko anieleze maisha yenyewe: mtu anayeipenda mvua ya Malindi ataipenda ya huko? Tuna mtoto wa miaka minne.

Mvuvi wa Amu

Waleikum salaam mwanangu. Mimi ni mtu wa Amu (Lamu), riziki yangu iko baharini, na hayo mapenzi yako kwa kusi, upepo wa kusini unaokuja na mvua zako, yamenigusa. Kusi ikishika Juni na Julai, vyombo vyetu vingi havitoki nje. Ukipita kijiji cha Shela tu mawimbi yanakupokea, kwa hivyo tunavua huku ndani kwenye mikoko, kinachopatikana ni kidogo na bei sokoni inapanda. Kaskazi ndiyo msimu wetu: bahari shwari, nguru na jodari wanapatikana, watoto wanakula vizuri. Mvua nayo ikizidi ni balaa. Mwishoni mwa 2023, mafuriko yalipoikata barabara ya Garsen inayokuja kwetu, tulijua thamani ya gunia la vitunguu.

Sisemi usiipende. Nasema hali ya hewa huipenda yule ambaye haimzuii kazi yake. Mumeo atakuwa darasani. Wewe na mtoto ndio mtakaoshinda ndani na hiyo mvua. Ulizia nyumba kwanza, mvua baadaye.

Mkaazi_Lisbon_zamani

Dada, huyo mzee amegusa penyewe. Nimekaa Lisbon, mtaa wa Graça, ghorofa ya tatu ya nyumba kuukuu. Nje, nyuzi 15 na jua ni raha tupu. Tabu iko ndani. Nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto, kuta zimeshiba unyevu, na jioni chumbani kunaweza kuwa na baridi kuliko barabarani. Nyuma ya kabati kunaota ukungu mweusi. Unaufuta kwa klorini leo, baada ya wiki chache umerudi. Nguo huanikwa dirishani, na mvua ikishika suruali ya jinzi inakaa siku nyingi bila kukauka hadi inanuka. Mimi nilinunua mashine ya kunyonya unyevu. Kila asubuhi nilikuwa namwaga maji ya kwenye tangi lake sinkini, na nilikuwa nikiyatazama nikifikiria kwamba yote hayo tulilala tukiyavuta puani.

Mvua yenyewe inatoka Atlantiki, kuanzia Oktoba mpaka kwenye Aprili. Kwa mwaka ni milimita 700 na ushei, pungufu ya Malindi. Inapiga, inakatika, mbingu inakuwa buluu ya ajabu. Vijia vya mawe meupe vinateleza mno vikilowa, umshike mtoto mkono. Julai na Agosti usitarajie tone.

Ukipata nyumba mpya yenye madirisha ya vioo viwili, nenda. Ukipewa ya zamani ya bei nafuu, mimi singempeleka mtoto.

Mwanapwani_Seattle

Mimi siko kwenye miji yako, niko Seattle, ila kuna jambo wenzangu hawajaligusa: mwanga.

Seattle kwa mwaka inapata mvua karibu sawa na Malindi, kama milimita 950. Lakini Malindi zaidi ya robo ya mvua hiyo inamwagwa mwezi wa Tano peke yake, kwa kishindo, kisha jua linatoka. Huku imegawanywa kwenye siku kama 150 za manyunyu. Hayana sauti juu ya paa. Wenyeji wengi hawabebi hata mwavuli. Nami niliyekuwa nikiipenda mvua kama wewe, nilikuja kugundua kwamba ninachokipenda ni ule ujio wake: upepo kugeuka, harufu ya vumbi, matone ya kwanza makubwa. Hapa hakuna ujio. Wingu liko tu.

Desemba jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni. Kati ya sala ya adhuhuri na ya magharibi unapata saa nne hivi, na ya alasiri iko katikati. Ukiwa kazini unakimbizana na sala hizo. Sisi tumezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Huku Desemba ni nane na nusu. Lisbon siku fupi kabisa ni kama tisa na nusu, Cape Town inakaribia kumi. Kwa upande huo miji yako yote miwili ina nafuu, na kwa mtoto ni nafuu kubwa.

Mngomeni_CT

Mimi ni mtu wa Ngomeni, naishi Cape Town. Dada, njoo huku.

Baridi yetu ni Juni hadi Agosti, kwa hiyo miezi haitakuchanganya. Upepo ndio utakaokuchanganya. Nyumbani mvua kubwa inakuja na kusi. Huku upepo wa kusini-mashariki ni wa kiangazi, mkavu, unalitandaza wingu jeupe juu ya mlima wetu, Table Mountain, kisha linayeyuka likishuka. Mvua inaletwa na upepo wa kaskazini-magharibi. Unausikia usiku ukitikisa madirisha, alfajiri mvua inapiga ubavu, na baada ya siku moja mbili kunatakata. Ule ujio anaousema ndugu wa Seattle, hapa upo.

Kingine, mwaka 2018 mji huu ulikaribia kufunga mabomba kwa ukame. Tulikuwa na kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, maji ya kuogea tunayakinga kwenye beseni kisha tunamwagia choo. Tangu hapo, ikinyesha, majirani zangu wanatoka barazani kuitazama na kushukuru. Utakuwa na wenzako.

BintiSabaki (Malindi)

Nimewasomea nyote kwa sauti, mume wangu anasikiliza. Baba wa Amu, shukrani. Kusi ikitulia Mungu awape. Moyo umeelekea Cape Town. Ila na huko nyumba si zina baridi ndani? Na mtaa gani una mvua zaidi?

Mngomeni_CT

Zina baridi, nyingi hazina mfumo wa joto, sitakuficha. Mvua zaidi iko Newlands na Rondebosch, ubavuni mwa mlima. Newlands inapata zaidi ya mara mbili ya mvua ya upande wa uwanja wa ndege, na mitaa hiyo haiko mbali na chuo kikuu. Lakini kivuli cha mlima kinaingia mapema alasiri. Tafuteni nyumba ambayo madirisha ya sebuleni yanatazama kaskazini, kwa sababu Juni na Julai jua linapita upande huo, chini chini, na linaingia hadi ukutani. Dalali akikwambia halina tofauti, nenda mwenyewe mchana uone.