Mrejesho: ukuta wa matofali uliokuwa ukilowa, Norfolk

Wakuu, nimerudi. Ni ile nyumba ya matofali ya kuchoma ya miaka ya 1700, hapa kijijini Norfolk, Uingereza, niliyouliza mbona ukuta wa sebuleni unalowa na matofali yanabanduka uso. Wengi mlisema bomba. Bomba ni zima.

Fundi alitazama mpangilio tu: tofali moja limelala kwa urefu, la pili limetoa kichwa, hivyo hivyo mstari mzima. Vichwa hivyo vinapenya ndani kuushika ukuta. Yaani ni ukuta mmoja mzito, hauna uwazi katikati kama wa nyumba za siku hizi. Mvua ikinyesha unalowa, kisha unakauka kupitia viungo vya chokaa kati ya matofali. Sasa kuna mtu aliviziba vyote kwa saruji! Maji yakatokea kwenye tofali lenyewe, barafu ya kipupwe ikamalizia kazi.

Saruji tumeichokoa kwa patasi, taratibu mno, tukarudishia chokaa na mchanga. (Mtu wa Lamu angenicheka, chokaa kaijua tangu utotoni.) Ukuta bado haujakauka wote.

Na lile dirisha la nyumba hii lililozibwa kwa matofali? Huenda ni kwa kukwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa kwa idadi ya madirisha ya nyumba na kufutwa 1851. Ila fundi anasema mengine yalijengwa bubu, yaani yamezibwa, tangu mwanzo, ili pande zilingane tu.