Mbao au vigae katika nyumba ya matumbawe?

Mkaazi wa Mkomani:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Tumerithi nyumba ya matumbawe ya ghorofa moja katika mji wa kale wa Lamu. Sakafu zake za chokaa zimechakaa hata ukifagia asubuhi, jioni unakuta tena unga mweupe chini ya vitanda. Mke wangu anataka vigae chini na juu. Mimi napendelea mbao. Naomba ushauri wa waliokwisha kulipitia jambo hili.

Seremala wa Langoni:
Waalaikum salaam, kaka. Kabla ya kuchagua, simama chumba cha chini utazame dari. Chukua bisibisi uchokoe ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, kwa kuwa hapo ndipo unyevu na mchwa huanzia. Ikizama kama katika muhogo uliochemshwa, boriti hizo zibadilishwe kwanza. Zikiwa nzima, fikiria uzito: saruji ya kulazia vigae, ikiwa na unene wa sentimita 5, huongeza takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba, juu ya chokaa na mawe yaliyopo. Mbao ni nyepesi zaidi, ila uache nafasi ya milimita 10 hivi kandokando ya kuta, maana huvimba wakati wa masika na kunywea kaskazi ikivuma.

Bibi wa Malindi:
Mwanangu, juu weka mbao ukitaka, lakini chini usithubutu. Mimi niliziweka sebuleni, na masika ya pili hayakwisha kabla hazijapinda; tulipozing'oa, mchwa walikuwa wameacha ganda tu. Tena mchanga wa pwani unaoingia na viatu hukwangua vanishi. Sasa nina vigae visivyong'aa, na wajukuu hawatelezi wakitoka kuoga.

Seremala wa Langoni:
Nakubaliana na bibi kuhusu mbao, ila ardhi ikizibwa kwa saruji na vigae, unyevu hutafuta njia ukutani na kubambua lipu ya chokaa. Shughulikieni unyevu kwanza. Pia, mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo waulize watu wa Makumbusho kabla ya kubomoa chochote.

Mkaazi wa Mkomani:
Nashukuru. Nimechokoa alasiri hii: boriti mbili za upande wa choo zimelainika. Fedha za sakafu zitaanzia hapo, na mke wangu amekubali vigae vingoje.