Flagyl na saratani: tuache kumeza au panya wanatutisha bure?

Mwanatumu: Wadau, nimesoma maelezo ya Kimarekani ya Flagyl, ile dawa ya amiba. Juu kabisa, ndani ya kisanduku: dawa hii imesababisha saratani kwa panya, isitumike pasipo lazima. Huku tumbo likiunguruma tu tunaimeza kama karanga. Ni hatari au si hatari? Na hawa wauza dawa wanaotupa bila cheti, wanalijua hili?

DukaLaMtaani: Dada, hilo la mwisho limeniuma. Mteja anakuja na mia tano mkononi, tumbo linamkata, nauli ya hospitali hana. Nimfukuze?

Kipimo: Turudi kwenye panya. Walipewa kwa muda mrefu mno. Wale wa aina ndogo walipata uvimbe wa mapafu, majike wa ile aina kubwa wakapata wa matiti na ini. Hamsta hawakuonyesha kitu. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, wameiweka kundi la 2B: huenda inasababisha, ila ushahidi kwa binadamu hautoshi. Wewe unameza siku saba.

Mzee wa Hoja: Mkitaka kuidhinisha dawa, panya ni mtu. Mkitaka kututuliza, panya ni panya. Chagueni moja!

Kipimo: Mzee, sijamtuliza mtu. Nimesema muda wa kumeza una uzito wake.

Mzee wa Hoja: Basi mbona Ulaya ni marufuku kumpa kuku anayefugwa kwa nyama, na binadamu anaandikiwa?

Kipimo: Kwa sababu mla kuku haumwi, hana anachofaidi, na atakula mabaki ya dawa hiyo maisha yake yote. Mwenye amiba anatibiwa. Amiba ikifika kwenye ini inaua, shikamoo yako!

Mzee wa Hoja: Marahaba, lakini usinifokee kijana.

Mwanatumu: DukaLaMtaani, nimekusoma. Mwanangu alipewa Flagyl dukani mara tatu ndani ya miezi minne, hakuna aliyempima. Kumbe ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Hiyo ndiyo "pasipo lazima" ninayoilia, siyo mia tano ya mteja wako.

DukaLaMtaani: Pole sana kwa mtoto, aliyekuuzia alikosea na mimi namlaani. Ila usinibebeshe mzigo wake. Zahanati yetu inafungwa saa tisa na nusu. Mteja akija saa tatu usiku akiharisha, nimwelekeze wapi?

Mwanatumu: Mpe maji ya chumvi na sukari, aje apimwe asubuhi.

DukaLaMtaani: Na asubuhi kipimo kikiwa hakuna?