Wauza feni "sailenti" Kariakoo mmezidi sasa, seva yangu ama inapiga kelele ama inachemka

Wakuu salaam, ila leo sina salaam ndefu maana nimekereka, na nitaandika hivi hivi nilivyokereka.

Kwa kifupi, mimi napiga video za harusi, mafaili ya kamera yamenizidi, nikanunua seva ya mtumba ya kuhifadhia, ya 1U, ile bapa ya kuingia kwenye raki, diski nne, iko hapa sebuleni Tabata maana chumba kingine sina. Seva yenyewe haina shida hata kidogo. Shida ni feni zake za kiwandani, vile vya milimita 40 vimepangwa mstari mmoja katikati ya kasha, vikiwaka mke wangu anasema nimeleta drayer ya saluni ndani ya nyumba, na mtoto akilala mchana ndo usiseme kabisa. Kwahiyo nikasema nitafute feni za kubadilisha zenye utulivu. Basi hapo ndo nikakutana na hawa watu.

Duka silitaji, liko Kariakoo, inatosha. Nimefika na feni ya zamani mkononi, nikamwambia kijana nataka saizi hii hii, waya nne, iwe PWM ya kweli, yani bodi iweze kupandisha na kushusha spidi yake kupitia ule waya wa nne, na iwe na presha maana inasukuma hewa kupita kwenye hitisinki mbili nene, vile vyuma vya kupoza prosesa, ambazo zenyewe hazina feni juu yake. Nimeongea Kiswahili, sijaongea Kichina. Akanijibu, "Bosi wangu usiwe na wasiwasi, hii ndo sailenti yenyewe, hata mahospitali wanachukua kwetu." Nikamuuliza RPM ngapi, yani mizunguko kwa dakika, akasema elfu nane. Nikamuuliza imeandikwa wapi, maana kwenye boksi hamna RPM, hamna presha, hamna hata kiasi cha hewa, kuna picha ya manyoya ya ndege na maandishi ya desibeli 15 basi. Akasema, "Kaka hizo namba za kiwandani wanaandika ndani kwa ndani, we chukua, ikisumbua rudisha." Elfu 25 feni moja, nikachukua za seva nzima.

Nafunga, nawasha, spidi inasoma 4,200 muda wote. Naingia kwenye mipangilio napunguza asilimia, 4,200. Napandisha, 4,200. Prosesa nikiipa kazi ya kubadili video inapanda mpaka nyuzi 94 na inaanza kujipunguza spidi yenyewe isiungue, na sauti bado ipo, tena ni ule mlio mwembamba wa kupenya sikio ambao ni mbaya kuliko wa mwanzo. Nikabandua stika nyuma ya ile feni. Wakuu, ule waya wa bluu, wa PWM, hauendi popote. Umekatwa, ukagundishwa gundi pale ili uonekane upo! Yani kuna mtu kiwandani kakaa akatumia waya na plagi ya pini nne kwa ajili ya kunidanganya mimi tu.

Narudi dukani, yule aliyesema "ikisumbua rudisha" ananionyesha risiti, imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Na kunichekea juu. Nikamwambia kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na kuna FCC, Tume ya Ushindani, ambao bidhaa bandia ni kazi yao, akanijibu niende tu. Sawa, nitaenda.

Sasa kwa kuwa nina hasira ngoja niseme na kinachoniudhi zaidi ya huyo kijana, nacho ni huu ushauri wa "weka feni ya kimya" unaotolewa kila kona na watu ambao hawajawahi kufungua seva. Feni ya kimya kwenye kasha gani? Inasukuma hewa kupita wapi? 1U kimo chake ni milimita 44 na ushee, humo haiingii feni zaidi ya 40, ndo maana kiwandani wanaweka vile vidogo vinavyozunguka elfu kumi mpaka elfu kumi na tano na zaidi, siyo kwamba hao mainjinia hawapendi utulivu. Hitisinki zimebanana, kuna kile kifuniko cha plastiki kinachoelekeza hewa, feni inatakiwa isukume kwa nguvu la sivyo hewa inagoma inarudi nyuma. Hiyo nguvu ndo presha, inaandikwa kwa milimita za maji, na ndo namba ambayo wauzaji wetu hawaiandiki kabisa.

Chukua feni ya milimita 40 ya kampuni ya Noctua, NF-A4x20, ambayo kila mtu anaitaja humu. Ni feni nzuri, mimi siipingi, orijino wanaandika wenyewe mizunguko 5,000, desibeli 14.9, presha 2.26. Wamekuwa wakweli. Ila hesabu ya feni haina siasa, feni ile ile ukiipunguza spidi mara tatu, hewa inapungua mara tatu, presha inapungua mara TISA, umeme unapungua mara ishirini na saba. Kwahiyo ukitoa feni ya mizunguko elfu kumi na tano ukaweka ya mizunguko elfu tano, hata kama zote ni orijino, usitegemee hitisinki zipoe vile vile, labda prosesa yako ni ya watt chache au seva inakaa bure tu. Alafu hapa Dar mwezi wa pili sebule bila AC inafika nyuzi 32 hata saa nne usiku, wale wanaorekodi video za majaribio Ulaya wako kwenye chumba cha 21, halafu mtu ananiletea linki ananiambia mbona kwake inafanya kazi.

Na hizo desibeli nazo. Watu wanadhani 30 ni mara mbili ya 15. Siyo hivyo. Ikipanda 10 sikio linasikia kama imekuwa mara mbili, na feni mbili zinazofanana zinaongeza 3, nne zinaongeza 6. Kwahiyo boksi linaposema 15 ni feni moja, imepimwa peke yake kwenye chumba kisicho na mwangwi, haina hitisinki mbele, haina wavu, haina bati linalotetemeka. Ukizipanga sita ndani ya bati usitegemee 15. Ila angalau namba ya kampuni inayojiheshimu unaweza kuanzia nayo. Hizi za boksi la manyoya mtu kaamua tu kuandika.

Kipimo changu cha uongo ni hiki, chukueni bure: Noctua hao hao wana feni ya viwandani ya milimita 120 inayokwenda mizunguko 3,000, inaitwa NF-F12 iPPC-3000, na wameandika desibeli 43.5. Noctua, watu wanaouza utulivu kama biashara yao yote, wameandika 43.5! Sasa ukikutana na feni isiyo na jina, milimita 120, mizunguko 3,000, desibeli 20, bei shilingi elfu 15, weka chini endelea na safari zako.

Lingine ni beringi. Hapa napo tunapigwa. Boksi linasema "haidroliki", ukibandua stika unakuta bushi ya kawaida na tone la oili ambalo kwa joto letu na vumbi letu linakauka, feni inaanza kukoroma, na ukiilaza mlalo ndo inakufa mapema zaidi. Beringi za gololi zinadumu kwenye joto ila zina mvumo wake hata spidi ikiwa ndogo, za majimaji za kweli ndo tulivu, ila za kweli hazipatikani kwa bei ya chipsi mayai.

Kuna rafiki yangu akaniazima za Noctua orijino nijaribu kabla sijamfuata mtu na rungu. Sauti ilishuka kweli, nikafurahi kama dakika kumi, alafu seva ikaanza kitu cha ajabu, kimyaaa, afu ghafla feni zote zinapaa mpaka mwisho, zinashuka, kimyaaa, zinapaa tena, usiku kucha. Kumbe ile chipu ya usimamizi kwenye bodi ina kiwango cha chini cha mizunguko ilichopangiwa, feni tulivu ikishuka chini ya hapo chipu inaona feni imekufa, inapiga kelele kuokoa seva, spidi inapanda, chipu inatulia, inashusha, inaona imekufa tena. Hili liko hata kwenye bodi nyingi za Supermicro na dawa yake inajulikana, unashusha viwango kwa programu ya ipmitool, amri yenyewe

ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300

unarudia kwa FAN2 na kuendelea. Kwangu ilitulia. Ila joto halikutulia, video ya saa mbili prosesa inagonga 90, kwahiyo feni za watu nimerudisha.

Na wenye seva za Dell za R720 au R730 msikimbilie kununua feni kabisa, hamuhitaji, jaribuni kwanza amri mbili:

ipmitool raw 0x30 0x30 0x01 0x00
ipmitool raw 0x30 0x30 0x02 0xff 0x14

Ya kwanza inazima uendeshaji wa feni wa otomatiki, ya pili inaweka asilimia 20, maana 0x14 ni 20. Feni zile zile za kiwandani zikishushwa spidi nusu tu kelele zinapungua kama desibeli 15, bure, bila kumpa mtu wa Kariakoo hata mia. Ila ukizima otomatiki wewe ndo unakuwa mlinzi, joto likipanda feni hazitapanda zenyewe, weka skripti inayosoma joto na kurudisha otomatiki likizidi. Kwenye iDRAC9, ile chipu ya usimamizi ya seva za Dell za baadaye, zenye fimwea (programu ya ndani ya chipu) mpya hiyo njia wameifunga, msije kunitukana.

Niongeze na umeme maana hakuna anayeusema. Angalieni stika ya feni ya seva, utakuta 12V na ampea, tuseme 1.5. Hiyo ni watt 18 feni moja ikiwa imekamuliwa mpaka mwisho, zikiwa sita ni watt 108 za upepo peke yake! Seva yote ikila watt 120 usiku na mchana ni uniti 2.88 kwa siku, kama 86 kwa mwezi. LUKU inaondoka na feni ambazo zenyewe hazinipi raha.

HARIRI: naona mmeanza kujibu, nijibu wote hapa.

Anayesema nihamishie stoo, mkuu stoo yangu haina dirisha na ina mchele, unataka niupike humo humo?

Anayesema nibadili waya ili feni ipate volti 7 badala ya 12, hiyo ilikuwa sawa kwa feni za waya tatu kwenye kompyuta ya mezani. Kwenye seva chipu inasoma mizunguko, itarudi kwenye ule ugonjwa wa kupaa na kushuka, na tatizo la presha liko pale pale.

Anayesema nitoe mfuniko wa juu ipoe, hapana, ukitoa mfuniko hewa haipiti tena kwenye hitisinki, inatokea juu, prosesa inapanda badala ya kushuka. Hili naomba muache kulishauri jamani, mtaunguza vitu vya watu.

Anayesema nimedharau vijana wa Kariakoo wanaotafuta riziki: kijana anayetafuta riziki ananiambia "hii sijui RPM yake", namshukuru naondoka. Aliyenitajia elfu nane kwa kitu cha 4,200 hatafuti riziki, ananitafuta mimi.

Nilichoamua: bodi yangu matundu yake ya skrubu ni ya saizi ya kawaida, kwahiyo naachana na bati la 1U. Kuna fundi wa mtaa wa Gerezani atanikunjia kasha la kimo cha 4U, yani mara nne ya 1U, humo zinaingia feni za milimita 120, na prosesa nazipa vipozeo virefu vyenye feni zao wenyewe. Feni kubwa inasogeza hewa nyingi kwa mizunguko elfu moja tu na sauti yake ni nzito ya chini, haichomi sikio. Arctic P12 inaandikwa 1,800 na presha 2.2, Noctua A12x25 inaandikwa 2,000, desibeli 22.6 na presha 2.34, yoyote kati ya hizo nitaikimbiza nusu. Diski nazipa moja peke yake mbele, maana diski zangu mwisho wake ni nyuzi 60 na sitaki zikaribie hata 50.

Kwahiyo naomba, mwenye duka au anayemjua muuzaji wa orijino Dar ataje hapa, bei ikizidi kidogo siyo shida. Masharti ni haya. Nakuja na adapta yangu ya volti 12 na kipande cha waya. Pini ya kwanza ni ardhi, ya pili volti 12, ya tatu inasoma spidi, ya nne PWM, hesabu kwa nafasi kwenye plagi maana siku hizi nyaya zote zinaweza kuwa nyeusi. Naiwasha pini ya nne ikiwa wazi, inatakiwa ikimbie mpaka mwisho. Alafu pini ya nne naigusisha na ya kwanza, inatakiwa ishuke spidi au isimame kabisa. Hapo hapo kaunta, mbele yako, sekunde kumi. Ikiendelea kukimbia vile vile hela inabaki mfukoni kwangu na picha ya boksi naileta kwenye uzi huu.